Mlango wa nyuma wa kituo cha kuchambulia taka

Nina mazoea ambayo wenyeji wangu wengi hawayafurahii. Ninapokaribishwa kwenye kituo cha kuchambulia taka, husikiliza maelezo yote kuhusu mashine, hutazama mkanda wa kubebea taka ukizunguka, husifu marobota ya chupa yaliyopangwa karibu na lango, kisha huomba nipelekwe nyuma ya jengo. Huko ndiko kituo kinakotolea kile ambacho kimeshindwa kukiuza, na kwa uzoefu wangu sehemu hiyo husema mengi kuhusu umri uliobaki wa kituo kuliko taarifa yoyote ya mradi.

Kituo kimoja nilikitembelea mara mbili, kwa kupishana miaka miwili hivi. Mara ya kwanza nyuma kulikuwa na kontena moja lililojaa nailoni zenye mchanga, nepi, soli za viatu na vipande vya magodoro, na msimamizi akanieleza kwamba lori la kulichukua lilikuwa limechelewa kidogo. Mara ya pili sikuliona kontena, kwa kuwa lilikuwa limefukiwa na lundo lililofika usawa wa dirisha, na maji meusi yaliyochuruzika kutoka humo yalikuwa yamepita chini ya ukuta na kuingia ndani ya ukumbi. Mashine zote zilikuwa nzima na umeme ulikuwapo. Mkanda ulikuwa umesimama kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuangushia kile ambacho ungekitoa mwishoni. Kituo kilikuwa kimezibwa na mabaki yake chenyewe, kama mfereji uliojaa tope.

Msimamizi alinionyesha daftari la mizani. Lilikuwa limeandikwa kwa uangalifu mkubwa, mwandiko mzuri, tarehe kila mstari, na lilikuwa na safu mbili: uzito ulioingia na uzito uliouzwa. Nilipomuuliza uzito uliokwenda dampo unaandikwa wapi, alinitazama kwa mshangao na kuniambia kwamba huo hauandikwi kwa sababu hauna malipo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba vituo vingi vya aina hii, katika miji ambayo bado inajenga huduma zake, huuawa na safu ya tatu ambayo haimo daftarini. Jiji hukipa kituo kazi ya kupokea kila kitu, halafu hukitaka kiishi kwa kuuza sehemu ndogo tu ya hicho kitu, na gharama ya sehemu kubwa iliyobaki huachwa bila mwenyewe.

Tufanye hesabu ya kufikirika, kwa tani tu, bila kutaja fedha ya nchi yoyote. Tani 100 za taka za majumbani zinaingia zikiwa zimechanganyika. Katika mji wa kipato cha chini, zaidi ya nusu huwa ni taka oza, kwa hiyo tuseme 55: maganda, mabaki ya chakula, majani. Tuseme nyingine 25 ni vitu vikavu vyenye mnunuzi, kama chupa, maboksi, makopo na vyuma chakavu, na 20 za mwisho hazina mnunuzi yeyote. Kama taka zimefika zikiwa zimechanganyika, zile 25 hazitoki zote, kwa sababu boksi lililolala usiku mzima chini ya mabaki ya ugali au wali si boksi tena. Tuseme zinatoka 12 zilizo safi kiasi cha kupokelewa kiwandani. Matokeo yake ni kwamba mauzo ya tani 12 yanatakiwa kulipia kazi ya kushika tani 100 na kusafirisha zile 88. Hakuna duka, shamba wala karakana inayoweza kuendeshwa kwa uwiano huo, na sioni kwa nini tulidhani kituo cha taka kingeweza.

Dhana hiyo ina chimbuko lake. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba taka ni mali, na usemi huo una ukweli wake, isipokuwa kwamba ukweli huo unahusu baadhi ya taka. Alumini ni mali kwelikweli: kuiyeyusha upya hutumia takribani asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuizalisha kutoka kwenye madini yake, ndiyo maana huwezi kuona kopo la soda limelala barabarani kwa muda mrefu. Pakiti ndogo ya sabuni yenye tabaka tatu za malighafi tofauti zilizogandishwa pamoja si mali ya mtu yeyote. Kanuni moja ya bajeti ikitumika kwa vitu hivi viwili, kimoja hubeba kingine mpaka kichoke.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka za mijini mwaka 2016, na kwamba kiasi hicho kingefika tani bilioni 3.40 ifikapo 2050. Takwimu hizo hunukuliwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na nyingine mbili za ripoti hiyohiyo: kwamba katika nchi za kipato cha chini huduma ya taka humeza takribani asilimia 20 ya bajeti ya manispaa, na kwamba katika nchi hizo asilimia 93 ya taka huishia kutupwa ovyo. Ukiziweka pamoja, utaelewa kilichomkwamisha yule msimamizi. Fedha nyingi tayari zimekwisha kwenye kufagia na kubeba, na kule mwisho wa safari kutupa ni bure. Palipo na dampo la bure, kila tani inayochambuliwa huonekana kuwa hasara, kwa sababu hakuna gharama iliyoepukwa ambayo mhasibu anaweza kuionyesha kwenye karatasi.

Ndiyo maana nimefikia kusema jambo ambalo marafiki zangu wa mazingira hulipokea kwa kukunja uso: kituo cha kuchambulia taka kinahitaji dampo zuri. Dampo lenye lango, mizani, mlinzi na ada kwa kila tani hufanya tani isiyofika pale iwe na thamani inayohesabika. Mji unaojenga kituo cha kisasa cha uchambuzi huku dampo lake likiwa bonde lililo wazi umeanza kujenga nyumba kwa kuezeka.

Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ni mfano ninaourudia mara kwa mara, kwa sababu pale mabishano kuhusu nani alipwe yalifika mahakamani. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ya Kolombia iliamua kwamba waokota taka walikuwa wamewekwa kando isivyo haki katika zabuni ya usafi wa jiji, na mwaka 2011 ilisimamisha zabuni nyingine kubwa hadi wajumuishwe. Mwezi Machi 2013 waokota taka wa jiji hilo walianza kupokea malipo yatokanayo na ada ya usafi ambayo kila kaya hulipa, kwa kila tani waliyoipeleka kwenye mizani iliyotambuliwa. Nohra Padilla, kiongozi wao, aliyekulia katika familia ya kazi hiyohiyo, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka uleule. Kilicho muhimu kwangu ni msingi wa malipo. Hayakuwa msaada kwa maskini, wala hayakuondoa haki yao ya kuuza walichookota. Yalikuwa ujira wa kukusanya na kusafirisha, ambao kampuni ya malori ilikuwa ikilipwa siku zote kwa kila tani bila mtu kuuliza kama takataka zile zinauzika. Mauzo yakawa nyongeza juu ya ujira. Bei ya karatasi ikishuka, nyongeza hupungua na kazi huendelea.

Na bei hushuka. Mwanzoni mwa 2018 China, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa mnunuzi mkuu wa plastiki na karatasi chakavu duniani, ilifunga mlango kwa aina nyingi za mizigo hiyo, na kwa aina nyingine ikaweka kiwango cha uchafu kisichozidi asilimia 0.5, ambacho vituo vingi hata vya nchi tajiri havikuweza kukifikia. Mizigo iliyokataliwa ilitafuta bandari nyingine. Kisha mwaka 2020 bei ya mafuta ghafi iliporomoka, na kwa kuwa plastiki mpya hutengenezwa kwa mafuta na gesi, viwanda vikaona ni nafuu kununua chembe mpya kuliko kuosha chupa kuukuu. Msimamizi wa kituo hana mkono katika lolote kati ya mambo hayo. Anachoweza kufanya ni kuwa na ghala lenye paa, lililo kavu, la kutunzia marobota kwa miezi michache, na akiba ya kuwalipa watu wake wakati marobota hayo yamelala. Nimeona michoro mingi ya vituo yenye nafasi ya kutosha ya mashine na ofisi, na ghala lisilotosha hata lori moja.

Hapa niwatetee kidogo madalali, ambao kila semina huwatupia lawama. Kiwanda kikubwa hulipa baada ya wiki kadhaa. Mwokota taka anahitaji fedha jioni ileile ili wanawe wale. Dalali husimama katikati, hutoa fedha mkononi, huhifadhi mzigo, na hutoza sana kwa kazi hiyo. Mradi unaotaka kumwondoa bila kuwa na mtaji wa kulipa kila jioni utaona watu wake wakirudi kwake kabla ya mwezi kwisha.

Kitu cha pili kinachoamua ukubwa wa lundo la nyuma ni maji. Taka za miji yetu ni mbichi na nzito, na zikishindiliwa ndani ya lori kubwa lililoundwa kwa ajili ya taka kavu, hukamuliwa kama chungwa. Karatasi hunyonya maji hayo kwanza. Mwaka 1987 mjini Delhi, eneo la Timarpur, kilifunguliwa kiwanda cha kuchomea taka na kuzalisha umeme, teknolojia ikiwa imetoka Denmark. Kilifanya kazi kwa siku 21 kisha kikasimama, kwa sababu taka zilizoletwa zilipoungua zilitoa joto lisilofika nusu ya lile ambalo tanuri lilihitaji. Hakuna fundi aliyekosea kufunga skrubu. Waliobuni tanuri walikuwa na picha ya taka za mahali pengine vichwani mwao.

Kasoro ya namna hiyo hutokea kwenye vituo vya uchambuzi pia, ila kwa sura ambayo si rahisi kuiona. Kabla ya kujenga, mshauri hupita majumbani, hupima kilichomo ndani ya ndoo, na huandika kwamba plastiki ni asilimia kadhaa na chuma ni asilimia kadhaa. Takwimu hizo ni za ndoo ya nyumbani. Kati ya ndoo na mkanda kuna msichana wa kazi anayeweka chupa kando, kuna mnunuzi wa vyuma anayepita na mkokoteni, kuna waokota taka wanaofika kwenye jalala la mtaa alfajiri, na kuna wapakiaji wa lori ambao huning'iniza gunia lao pembeni. Kila mmoja huchukua kilicho bora. Kinachofika kituoni ni kile ambacho macho manne au matano yenye uzoefu yameshakikataa, na kituo kilichopangiwa mapato kwa takwimu za ndoo huanza maisha yake kikiwa na deni. Suluhisho ambalo baadhi ya wakuu wa miji hulifikiria ni kuwapiga marufuku hao waliotangulia. Cairo inaonyesha jinsi hatua ya namna hiyo inavyoweza kugharimu.

Wazabbalini, jamii ambayo kwa vizazi imekuwa ikikusanya taka nyumba kwa nyumba mjini Cairo, hutajwa mara nyingi kuwa waliweza kurejeleza hadi asilimia 80 ya walichokusanya, kiwango ambacho mitambo ya mamilioni haijakikaribia. Mwaka 2003 serikali iliwapa kazi makampuni ya Hispania na Italia kwa mikataba ya miaka 15. Makampuni yaliweka mapipa barabarani, yakatarajia wakazi washuke ngazi na mifuko yao, ilhali wakazi walikuwa wamezoea mtu anayepanda hadi mlangoni. Wazabbalini waliendelea kufanya kazi, safari hii bila kutambuliwa. Kisha mwaka 2009, katika hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, serikali iliamuru nguruwe wote nchini wachinjwe, idadi yao ikikadiriwa kuwa laki tatu hivi. Nguruwe hao ndio waliokuwa wakila taka oza za jiji. Walipoondoka, wakusanyaji hawakuwa tena na sababu ya kubeba maganda na makombo, na malundo yakaanza kuonekana mitaani. Jiji lilikuwa na mtambo wa kushughulikia taka oza bila kujua, na likauchinja.

Simsifu nguruwe kama sera ya mazingira, na kufuga wanyama katikati ya makazi kuna madhara yake ya kiafya. Ninachokiona ni kwamba kila mfumo uliodumu ulikuwa na jibu la swali la taka oza, hata kama jibu lenyewe halikuandikwa popote, na kila kituo nilichokiona kikifa kilikuwa kimeliahirisha.

Jibu la kawaida ni mboji. Katika mambo yote ya kazi hii, mboji ndiyo inayosifiwa sana na kufahamika kidogo. Kuitengeneza si kuacha lundo lioze. Lundo linahitaji unyevu wa karibu asilimia 50 hadi 60, yaani kiasi kwamba ukilifinya mkononi litoe tone moja au mawili na si mchirizi. Linahitaji uwiano wa kaboni na nitrojeni wa takribani 25 au 30 kwa 1, ambao kwa lugha ya kazini ni kuchanganya majani makavu au maranda na vitu vibichi. Na linahitaji kugeuzwa ili hewa iingie na joto lipande kupita nyuzi 55 kwa siku kadhaa, ambapo vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu hufa. Ukiingiza mkono ndani ya lundo linalokwenda vizuri, utautoa haraka. Lisilokwenda vizuri hunuka, na harufu ndiyo inayofunga vituo vya mboji, kwa sababu majirani hawapimi uwiano wa kaboni, wao huandika barua kwa diwani.

Baada ya hapo mboji inatakiwa kuuzwa, na huko ndiko mipango mingi hukwama. Mkulima hataki kipande cha chupa shambani, na taka zilizochanganyika huleta vioo na metali nzito ambazo chekeche haliwezi kuziondoa. Mbolea ya viwandani mara nyingi ina ruzuku na mboji haina. Wakulima hununua mboji kwa msimu, ilhali maganda hufika kila siku. Shirika la Waste Concern la Dhaka, Bangladesh, lililoanzishwa mwaka 1995, lilipata njia kwa kujenga vituo vidogo vya mtaani vilivyopokea taka zilizokusanywa nyumba kwa nyumba, na kwa kuacha kazi ya kuuza mboji mikononi mwa wafanyabiashara wa mbolea ambao tayari walikuwa na maduka na wateja. Mtu anayejua kugeuza lundo si lazima ajue kuuza mfuko.

Hata hivyo nadhani tunaikosea mboji tunapoipima kwa mauzo peke yake. Lundo linapoiva hupoteza nusu ya uzito wake au zaidi, ambao hupaa kama mvuke na hewa ya kaboni. Tani 55 za hesabu yetu ya awali, zikigeuzwa vizuri, hazitazidi 25 au 27. Hata kama jiji lingeitumia mboji hiyo kufunika dampo lake na kuotesha miti kando ya barabara bila kuuza hata gunia moja, lingekuwa limejiepusha na kusafirisha karibu tani 30 kati ya kila 100, na limepunguza methani, gesi inayopasha joto dunia, ambayo taka hizo zingeitoa zikifukiwa. Afisa usafi anayesaini bili za mafuta ya malori anapaswa kuwa mteja wa kwanza wa kituo cha mboji, na alipe kwa kila tani ambayo lori lake halikuibeba.

Kutenganisha nyumbani, basi, ndiko kunakookoa hayo yote, na sitalirefusha kwa sababu kila mtu analisema. Niongeze tu kwamba watu hutenganisha pale wanapoona wakusanyaji hawachanganyi tena. Kaya inayoona ndoo zake mbili zikimwagwa kwenye lori moja itaacha wiki hiyohiyo, na itakuwa na haki. Mjini Pune, India, walilikabili hilo kwa namna inayofaa kutazamwa: ushirika wa waokota taka uitwao SWaCH, uliotokana na chama chao cha mwaka 1993, uliingia makubaliano na manispaa mwaka 2008, na wanachama wake hupita mlango kwa mlango, hupokea ada ndogo kutoka kwa kila kaya, hukabidhi taka oza kwa magari ya manispaa na huuza taka kavu kwa faida yao wenyewe. Anayetenganisha ndiye anayeuza, kwa hiyo ana sababu ya kumkumbusha mama mwenye nyumba kwamba jana ndoo ilichanganywa. Ada ya kaya nayo ina udhaifu wake, kwani mitaa maskini huchelewa kulipa na manispaa hufurahi kusahau sehemu yake ya gharama.

Ndani ya kituo, ujuzi unaopuuzwa kuliko wote ni wa mikono. Kwenye mkanda mmoja nilisimama karibu na mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wenzake, ambaye alikuwa akitenganisha nailoni kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata kwa macho. Nilimuuliza, "Mama, unazitambuaje?" Akachukua mbili, akazifinya moja baada ya nyingine karibu na sikio langu. "Inayolia sana, mwanangu, hiyo ni ya nyuma," akasema. "Iliyo kimya ina mteja." Alikuwa sahihi: zile laini zilikuwa polithini, ambayo viwanda huinunua, na zile za kelele zilikuwa pakiti za vitafunio zenye utando wa kung'aa ndani. Jirani yake alikuwa na ndoo ya maji na alitupia humo vipande asivyovijua, kwa kuwa polithini na polipropilini huelea, ilhali plastiki ya chupa za maji huzama. Tatizo ni kwamba PVC, plastiki ya mabomba, nayo huzama, na vipande vichache tu vya PVC vikiingia katika shehena ya chupa hutoa asidi vinapoyeyushwa na kuifanya plastiki yote iwe ya manjano. Hapo ndipo jicho la yule mama lina thamani kuliko ndoo. Mtu kama huyo akiondoka kwa sababu ya mshahara uliocheleweshwa, au kwa sababu amechomwa na sindano na hakuna aliyemchanja dhidi ya homa ya ini, usafi wa robota hushuka, mnunuzi hulirudisha, na lundo la nyuma hukua. Glavu, chanjo na mshahara wa wakati ni matengenezo ya mtambo kama ilivyo grisi ya beringi.

Kuhusu mashine zenyewe nitasema machache. Mizani, mashine ya kufungia marobota na mkanda unaokwenda taratibu vinatosha kwa miji mingi. Ununue vile ambavyo fundi wa mjini mwako anaweza kuvichomelea, na utenge fedha za vipuri tangu mwaka wa kwanza, kabla chochote hakijaharibika. Vichambuzi vya mwanga, yaani mashine zinazotambua aina ya kitu kwa kukimulika, ni vya ajabu kuvitazama, lakini vinahitaji taka kavu na umeme usioyumba.

Sheria peke yake haijengi chochote kinachodumu. Mwezi Julai 2000 lundo la dampo la Payatas, karibu na Manila, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 200 waliokuwa wakiishi chini yake. Miezi sita baadaye, Januari 2001, Ufilipino ilipitisha sheria inayotaka kila barangay, yaani kitengo kidogo kabisa cha serikali za mitaa, au kundi la barangay, liwe na kituo cha kurejesha malighafi. Ni sheria nzuri, iliyozaliwa na msiba, na ilitaja hata kutenganisha nyumbani. Miaka 20 baadaye chini ya nusu ya barangay zilikuwa zinahudumiwa na kituo. Kuamuru kijengwe ni rahisi kuliko kuonyesha nani atalipa mshahara wa mwezi wa saba tangu kifunguliwe.

Mlipaji ambaye nchi nyingi sasa zinamgeukia ni mtengenezaji wa vifungashio, anayetakiwa kulipa ada kwa ajili ya vifungashio hivyo vikishakuwa taka. Ujerumani ilianza mwaka 1991, Afrika Kusini ililifanya kuwa lazima mwaka 2021, na Kenya ililiweka kwenye sheria yake ya taka ya 2022. Naunga mkono, kwa sharti moja. Mifumo hii ikilipa kwa tani za kile kilichorejelezwa, fedha itakimbilia chupa, ambazo zingeokotwa hata bila ada hiyo, na ile pakiti inayolia sikioni itabaki nyuma ya jengo kama ilivyokuwa. Ada inatakiwa kufuata kile kisichouzika: yule anayeingiza sokoni kitu kisicho na mnunuzi wa pili alipie safari yake hadi dampo na nafasi kitakayoikalia huko, na malipo hayo yamfikie aliyekibeba.

Mwaka jana nilitumiwa picha ya ukurasa wa daftari la kituo kingine, kidogo, kinachoendeshwa na ushirika wa watu wasiofika arobaini. Mwandiko haukuwa mzuri kama wa yule msimamizi wa kwanza. Safu zilikuwa nne, zimechorwa kwa rula: kilichoingia, kilichouzwa, kilichogeuzwa mboji, na kilichokwenda dampo. Kwenye safu ya nne, pembeni ya kila uzito, kulikuwa na sahihi ya afisa wa manispaa, kwa sababu mkataba wao unasema manispaa hulipia tani hizo pia. Nilijumlisha siku sita za ukurasa ule kwa kalamu. Safu ya nne ilikuwa asilimia 31 ya kilichoingia, na mwishoni mwa ukurasa mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Jumatano nepi nyingi sana, uliza mtaa gani."